Upande wa Mlimani Wameridhika

Jumatatu, 18 Novemba 2013

Mvua imeanza. Sikuhitaji kuchungulia dirishani, simu ya ofisi ndiyo iliyoniambia. Mawingu yakitanda tu upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, wateja wetu wa mlimani wanapoteza mtandao, na kila mmoja ananitafuta mimi. "Dada, imekata." "Dada, kaduara kanazunguka tu tangu asubuhi." Nami najibu kwa ile sauti ya asali niliyofundishwa: pole sana, fundi yuko njiani. Fundi tunaye mmoja, Kefa, na wakati nasema hivyo alikuwa mbele yangu anachovya chapati kwenye chai.

Kazi yangu pale Upepo Net ni huduma kwa wateja. Kampuni ni ya Ashraf. Tunapokea intaneti kwenye mnara wetu wa mjini, tunairusha kwenye madishi madogo juu ya mabati ya watu. Mjini inafika, japo kwa kusuasua. Mlimani inapita kwanza kwenye kifaa kimoja kizee kilichofungwa juu ya nguzo, na kifaa hicho kikilowa kinakufa mpaka jua litoke. Mimi, Ashraf na Kefa tunajua. Mteja ndiye asiyejua, na mimi nalipwa ili asijue.

Nimeamua kuandika kwa sababu siku nzima nasema uongo wa heshima, na mtu akikosa pa kutema atavimbiwa.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Simu. Pole sana, fundi yuko njiani.

Jumatatu, 25 Novemba

Ashraf amerudi kutoka Dar na shati jipya na mpango mpya. Kuna kampuni kubwa ya huko inataka kutununua, au kuingia ubia, bado hajaelewa vizuri na hataki kuonekana hajaelewa. Kabla ya kuja wanataka kujua kama wateja wetu wameridhika. Kwa hiyo mimi Raudha nitazunguka nyumba kwa nyumba na dodoso: spidi, fundi, bei, na swali la mwisho, je, umeridhika na huduma? Moja ni sijaridhika kabisa, tano ni nimeridhika sana.

Nikamwambia, bosi, si niwapigie simu tu, matope haya yote ya nini?

"Kwa simu watakutukana," akasema. "Nenda nyumbani kwao, Raudha. Kaa sebuleni, kunywa chai yao. Mtu wa huku hamtukani mgeni aliyeshika kikombe chake."

Kefa alicheka. Mimi pia nilicheka, nikaona bosi wetu ana akili. Naandika hapa kwamba nilicheka.

Alhamisi, 28 Novemba

Leo Sogea, mtaa wa matajiri wa malori huku mjini. Mzee Abdulwahab, yule ambaye magari yake yanakwenda Lubumbashi, hakunikaribisha hata kwenye benchi. Alinisimamisha getini na mwavuli wangu uliovunjika mbavu.

"Mmenitumia mtoto wa kike ili nione haya?" akasema. "Andika moja. Kama kuna sifuri, andika sifuri. Nyaraka za mizigo yangu zinakwama kwenye laptop, madereva wanalala Nakonde na kina dada wa Kizambia, halafu unaniuliza kama nimeridhika?"

Nikaandika moja. Niliondoka kwa hasira. Mzee mzima, ametoka Hija, hana hata adabu ya kumwambia mtu karibu. Majirani zake wawili nao wakanijibu hivyo hivyo kwa sauti ndogo kidogo. Watu wa Sogea wana midomo.

Jumamosi, 30 Novemba

Mlimani. Niandike taratibu, nimeshiba vibaya.

Huku juu wengi ni watu wa Ileje na Mbozi, wakulima waliostaafu kazi za serikali, nyumba zao zina uzio wa michongoma na kila mlango una kiti cha mgeni. Nyumba ya kwanza chai na magimbi. Ya pili kahawa na ndizi mbivu. Kote nauliza, kote wananijibu: tunashukuru, tumeridhika. Tano. Tano. Kwenye ile ya pili mtoto wa nyumba alifungua mdomo aseme kitu, baba yake akamwangalia, mtoto akaufunga.

Mwisho nikafika kwa Mama Osward. Jina lake Ferista, alikuwa muuguzi. Nilimpigia jana kumwambia nakuja, kumbe hilo lilikuwa kosa, kwa sababu nilimkuta amepika kuku. Na kabla sijasema kitu akanitoa wasiwasi: "Kula mwanangu, amechinjwa na mzee Zahoro, jirani yetu Mwislamu. Nilimtuma mtu akamwite asubuhi." Mkristo wa watu ametuma mtu kwenye mvua amtafute Mwislamu wa kuchinja, ili mimi wa Upepo Net nile kwa amani. Nikanawa mikono bila kumtazama.

Mumewe, Mzee Anyelwisye, alikuwa ameketi kwenye kochi na blanketi la miraba. Zamani alikuwa mpimaji wa kahawa wa ushirika, mtu ambaye neno lake lilikuwa likitosha kumrudisha mkulima na magunia yake. Mwaka juzi kiharusi kilimchukua upande mmoja, mdomo ukaenda pembeni, maneno hayatoki. Alinipa mkono wa kushoto, ule mzima, kisha akatikisa kichwa kuomba radhi kwamba ni wa kushoto.

Nilimuuliza mama mtandao wanautumia kwa nini hasa. Hilo halikuwa kwenye dodoso, nilitaka tu kuchelewesha swali la mwisho. Akanieleza. Mtoto wao mkubwa, Osward, yuko Kanada. Aliuza shamba la kahawa la baba yake kule Ileje kwa siri ili apate safari. Mzee alimfuata mpaka stendi, akamwambia mbele ya watu: uso wangu hutauona tena. Basi likaondoka.

"Kwetu, mzazi akiwa na neno na mtoto, halimezwi," mama akasema. "Analitoa mbele ya ndugu, halafu anatia maji mdomoni, anampulizia mtoto. Hapo limekwisha. Akifa bila kupuliza, mtoto anabaki nalo maisha yake yote."

Nikamuuliza kama kanisani wanayakubali hayo.

"Kanisani naimba sauti ya pili, mwanangu. Lakini maji ni maji."

Mzee ameshakubali. Alimpa mkewe ishara mwenyewe mwezi wa tisa, akaonyesha picha ya Osward ukutani, akaonyesha kikombe. Osward hawezi kuja, karatasi zake za kule bado, akitoka hawamrudishi. Simu ya kawaida haisaidii, kwa sababu mzee hana maneno ya kusikika. Lazima aonekane. Kwa hiyo wakavuta intaneti kwetu, wakanunua laptop, na wanangoja mvua itulie na ndugu wa mzee wapate nafasi ya kuja kutoka Ileje.

Laptop ilikuwa pale mezani karibu na bakuli la mchuzi, imewashwa, kaduara kanazunguka. Kalizunguka wakati wote nilipokuwa nakula. Nikafuta mikono, nikauliza: mama, je, umeridhika na huduma?

Akaitazama sahani yangu, akaona mifupa imekwisha vizuri. "Tunashukuru sana, mwanangu. Tumeridhika."

Nikaandika tano.

Naona aibu. Sijui kwa nini hasa, alisema mwenyewe, sikumlazimisha. Lakini naona aibu, na mama yangu aliponipakulia chakula nikamwambia tumbo linauma.

Jumatatu, 9 Desemba

Kifaa kipya kimefika kutoka Dar, kimoja tu. Sio cha kufa kikilowa. Ashraf akataka kujua kifungwe wapi, Sogea au mlimani, nikamfungulia majibu ya dodoso. Sogea: moja, moja, mbili. Mlimani: tano kutoka juu mpaka chini.

"Mlimani wameridhika," akasema Ashraf. "Tupeleke Sogea, tumfunge Abdulwahab mdomo kabla wageni hawajaja."

Kefa akanitazama. Yeye hupanda ile nguzo kila wiki, anajua. Na anajua kwamba mimi ndiye ninayezipokea simu za mlimani. Ilikuwa zamu yangu kusema. Bosi, wale wamesema hivyo kwa sababu nilikuwa nakula kwao. Maneno yenyewe ni hayo tu, hayachukui hata dakika. Nikasema, "Sawa bosi, nitawaarifu wateja wa Sogea."

Mwenye kutukana kapewa, mwenye kuchinja kuku kakosa. Nami ndiye niliyebeba jibu kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Jumatano, 11 Desemba

Mzee Abdulwahab amenipigia kusema sasa inakwenda vizuri. Akaniita binti yangu. Bado simpendi, lakini leo nimekiri moyoni kwamba katika mzunguko wangu wote yeye peke yake ndiye aliyenijibu nilichomuuliza.

Ijumaa, 20 Desemba

Mvua ya mawe. Mlimani kimya tangu saa sita. Mama Osward hakupiga. Yeye hapigi kamwe, ndiyo kwanza nimeligundua hilo. Nilikuwa nafikiri ni kwa sababu kwake ni afadhali.

Alhamisi, 26 Desemba

Kefa kapigwa na ubaridi, anakohoa. Ofisi imefungwa nusu siku.

Jumatatu, 6 Januari 2014

Ashraf ametangaza kwamba wageni wa Dar watafika Alhamisi ya tarehe kumi na sita na watakaa mpaka Jumapili. Kupaka rangi, kununua maua ya plastiki, kumwambia Kefa anyoe ndevu. Kwenye taarifa waliyotumiwa kuna mstari uliokolezwa wino: upande wa mlimani wateja wote wameridhika sana. Ashraf aliusoma kwa sauti. Nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza.

Jumanne, 14 Januari

Leo nimefanya jambo ambalo sijui nitalibeba vipi.

Mama Osward alikuja ofisini mwenyewe, kwa miguu, sketi imelowa mpaka magotini. Nikampa kiti na soda. Akanisalimia kwa kirefu, akamuulizia mama yangu, akauliza kifua cha Kefa. Ndipo akaingia kwenye shida yake. Mzee amedhoofika, chakula anakataa. Ndugu watafika kutoka Ileje Jumamosi. Jumapili saa kumi jioni ndiyo saa ya Osward, kule kwake ni asubuhi, kabla hajaingia kazini. Haiwezi kusogezwa tena.

"Sasa nilikuwa nafikiri," akasema, na akashusha sauti kama mtu anayeomba chumvi kwa mara ya tatu, "hatuwezi kumleta mzee hapa ofisini kwenu? Hiyo Jumapili tu. Kuna mwenye gari ameahidi. Tungekaa hata kwenye kona pale, tusiwasumbue."

Hapa ofisini mtandao haukatiki. Mnara uko juu ya vichwa vyetu. Ilikuwa ni kusema karibu mama, basi.

Lakini Jumapili wageni watakuwa humu na maua ya plastiki. Nikawaona: mzee aliyepooza anabebwa na ndugu zake wanne kwa sababu mtandao wa nyumbani kwake ni mbovu, mtandao ule ule ulioandikwa tano. Nikamwona Ashraf akigeuza shingo kunitazama. Nikasema, na sauti yangu bado naisikia:

"Hakuna haja ya kumsumbua mzee, mama. Kwenu mtandao ni mzuri. Si mwenyewe ulisema umeridhika?"

Aliitazama soda yake. Nadhani alikuwa anangoja nicheke, aone kwamba natania. Kisha akasema, "Ni kweli, mwanangu, nilisema." Akamalizia soda yote, kwa sababu ni vibaya kuacha kilichotolewa, akaniaga vizuri, akaondoka na mvua yake.

Nilimkaba mtu kwa adabu yake mwenyewe. Nikifumba macho nauona ule mkono wake ukiweka chupa mezani polepole ili isigonge.

Jumatano, 15 Januari

Nimemwomba Kefa apande nguzo ya mlimani afunge nailoni kwenye kile kifaa. Amepanda. Anasema nailoni ni dua tu.

Ijumaa, 17 Januari

Wageni ni wapole. Mmoja aliniuliza siri ya mlimani ni nini. Nikasema ni ukarimu. Akaandika.

Jumapili, 19 Januari

Niliomba ruhusa nikapanda mlimani saa tisa. Nilijiambia nakwenda kusaidia ikitokea shida. Nadhani nilikwenda ili nione mawingu yakikataa kuja.

Nyumba ilikuwa imejaa. Ndugu wawili wa mzee kutoka Ileje wamevaa makoti, mashemeji, majirani, mzee Zahoro naye kakaa mlangoni na kofia yake. Mzee Anyelwisye alikuwa ameegemezwa kwa mito, amevalishwa shati jeupe na tai. Walimnyoa, na upande wa uso uliokufa ulikuwa na kidonda kidogo cha wembe. Laptop wameiweka juu ya biblia mbili ili iwe sawa na macho yake. Nikapewa kiti cha mbele. Nilikataa, wakasisitiza, nikakaa.

Saa kumi Osward akatokea. Mwanaume mzima amevaa kofia ya sufu, nyuma yake ukuta mtupu. Alipomwona baba yake akaivua kofia. Hakuna aliyemwambia aivue. Mzee akainua mkono wa kushoto, na watu wote chumbani wakavuta pumzi. Niliingiwa na furaha ya kijinga. Nikasema moyoni, Mungu amenisitiri.

Ndugu mkubwa akasimama akazungumza kwa Kindali, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yetu wageni. Akasema shamba liliuzwa, neno lilisemwa, neno limekaa miaka tisa. Akamuuliza Osward kama analijua kosa lake. Osward akasema analijua, akalisema lote bila kujitetea, mpaka bei na jina la aliyeuziwa. Mzee alikuwa anatikisa kichwa taratibu kwa kila jambo, kama, bila shaka, alivyokuwa akipima kahawa. Ngurumo ya kwanza ikapita juu ya bati. Ndugu akasema, "Basi baba yako amekubali kulitoa. Mtazame."

Mama Osward akamletea mumewe kikombe, akamshikia. Mzee akavuta maji, mashavu yakajaa. Upande uliokufa yeye mama akaushika kwa vidole viwili yasitoke. Mzee akageuza uso kwenye laptop.

Na Osward akaganda. Macho nusu yamefumbwa, mdomo umeachama kidogo, hata sauti haipo.

"Subiri, baba Osward," mama akasema. "Subiri kidogo, anarudi."

Nikasimama nikampigia Kefa. Kefa akasema kifaa kimelowa, yuko mjini na wageni, atapandaje nguzo na radi hii. Nikarudi nikasema, "Inarudi sasa hivi." Sauti ya asali, ilitoka yenyewe.

Mzee akangoja. Hakuna aliyemwambia apulize, na hakupuliza. Alikuwa anaitazama ile picha na macho yake yalikuwa mazima kabisa, yalijua kwamba pale hapana mtu. Maji yakaanza kupenya kati ya vidole vya mama, yakashuka kidevuni, yakalowesha tai. Mama alikuwa anabana, yanatoka. Ndugu mkubwa akaangalia sakafu. Mzee akaendelea kungoja mpaka mashavu yakalala, na hata yalipolala aliendelea kuitazama picha.

Ndipo mama akasema kwa nguvu, chumba kizima kisikie: "Amepuliza."

Sote tulikuwa tunaona. Mzee Zahoro akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, ndugu wakasema amina. Hakuna aliyemsahihisha.

Nilipotoka mama alinifuata barazani na mwavuli wao mzuri. Akanishikisha mkononi. "Usijisikie vibaya, mwanangu," akasema. "Ni mvua."

Jumatatu, 20 Januari

Wageni wameondoka. Nilimwambia Ashraf kile kifaa cha Sogea kihamie mlimani leo, hata kwa siku moja. Akasema nisiharibu kilichokwisha kutengenezwa. Nikamwambia majibu ya mlimani yalikuwa ya uongo na mimi nilijua. Akasema, "Hata mimi nilijua, Raudha. Ndiyo maana nilikutuma wewe."

Jumatano, 22 Januari

Kefa amekihamisha kile kifaa bila kumwambia mtu. Ameteleza mara mbili kwenye nguzo. Saa kumi na moja mtandao wa mlimani ukawaka, nikaenda mbio kwa Mama Osward. Mzee alikuwa amelala upande, hafumbui macho, hamezi hata uji. Ndugu walikuwa wamesharudi Ileje. Mama akasema labda kesho.

Alhamisi, 23 Januari

Mzee Anyelwisye amefariki alfajiri.

Jumamosi, 25 Januari

Mazishi. Jua kali, la kwanza tangu mwaka mpya. Mtandao wa mlimani haujawahi kuwa mzuri vile, vijana chini ya turubai walikuwa wanatazama mpira kwenye simu zao.

Mama Osward alikuwa anawaambia waombolezaji mmoja mmoja kwamba mzee alilitoa neno, na Osward aliona, amemthibitishia kwa simu kwamba aliona maji. Alinionyesha mimi kama shahidi: "Huyu binti alikuwepo." Wanawake wakanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumanne, 4 Februari

Ashraf amesaini na watu wa Dar. Mimi sasa ni Mkuu wa Huduma kwa Wateja. Mama yangu amepika pilau. Nimekula nikiwa nimeinama.

Jumatatu, 10 Februari

Simu ya nje ya nchi. Nikadhani ni mteja mpya.

"Dada, naitwa Osward, mtoto wa Mzee Anyelwisye wa mlimani. Mama aliniambia ulikuwepo."

Nikampa pole. Akanishukuru. Kisha nyuma yake nikasikia mlango unafungwa.

"Mama nilimwambia niliona," akasema. "Sikuona kitu, dada. Upande wangu baba alibaki ameshikiwa kikombe, basi. Nilimdanganya ili apumzike. Sasa nakuuliza wewe, huna ndugu na sisi. Alipuliza?"

Tangu Novemba nimekuwa nikiwapa watu majibu wanayoyapenda. Hili lilikuwa jepesi kuliko yote, na mama yake alishalitengeneza. Nikasema, "Hakupuliza. Alikungoja. Alikaa na maji mdomoni akikungoja mpaka yakamwagika yote." Nikaendelea, sikuweza kujizuia. Nikamweleza kuku, dodoso, kifaa kilichokwenda Sogea, na ile siku mama yake alipoomba ofisi nikamnyima. Nilikuwa nalia, na katikati ya kilio nikahisi nafuu, kifua kinafunguka. Naandika ilivyokuwa.

Osward alisikiliza yote. Mwisho akasema, "Asante kwa kunieleza," akakata.

Ile nafuu ilidumu mpaka nilipofunga ofisi. Njiani nikajiuliza nafuu ile nimeichukua kwa nani.

Alhamisi, 13 Februari

Mama Osward alikuja leo asubuhi, ofisi imejaa watu wa kulipia. Kaniki ya msiba kiunoni. Nikainuka, nikamwamkia, shikamoo mama. Hakuitikia. Nikamvutia kiti, akabaki amesimama. Nikamtuma Kefa soda, Kefa akaileta, nikaifungua nikaiweka mbele yake. Hakuigusa.

Foleni nzima ikageuka. Huku kwetu kila mtu anajua maana ya mama mtu mzima kukataa kiti na kinywaji.

"Osward ameniambia," akasema. "Mimi nilimdanganya yeye, yeye alinidanganya mimi, tukawa tumelala. Wewe umetuamsha."

"Mama, aliniuliza," nikasema. "Nilimwambia ukweli."

"Ukweli ulikuwa nao tangu siku ya kuku." Hakupandisha sauti. "Ulikuwa nao siku nilipokuja hapa na matope. Siku hiyo ungenisaidia. Umekaa nao mpaka haufai kitu, ndipo umempa mwanangu, aishi nao peke yake huko kwenye baridi."

Nikasema nisamehe, mama. Sauti ilikuwa yangu, ya kukwaruza, wala haikuwa ya asali.

"Sikuridhika," akasema. "Hata siku moja. Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Akatikisa kichwa, akajifunga kaniki vizuri, akatoka. Mama Osward, ambaye huaga mpaka kuku wa nyumba, hakuniaga. Nilisimama pale na watu wananitazama, mpaka aliyekuwa mbele ya foleni akasema, "Dada, mimi nalipia mwezi."